Usibebe unga: nilivyojifunza kula vizuri Leeds kwa hela ya mwanafunzi

Kila anayeenda kusoma Uingereza anapewa ushauri uleule, beba unga, beba dagaa, beba pilipili, beba mpaka mwiko wa kusongea, maana chakula cha kule hakina ladha na kwa mshiko wa mwanafunzi migahawa hutaiweza. Hilo la migahawa ni kweli kabisa. Hilo lingine ndo limewafilisi wengi. Mimi nimesoma Leeds, nimefanya kazi zile saa 20 kwa wiki ambazo viza ya mwanafunzi inaruhusu wakati wa masomo, na kwa niliyoyaona kule waliokuwa wanaishiwa hela mwezi haujafika nusu sio wale waliokula kizungu, ni wale waliong'ang'ana kula kama wapo Tanga.

Piga hesabu mwenyewe. Sembe ipo, ukipanda basi mpaka Harehills unaikuta kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, ndizi za kupika zipo, bamia zipo, mihogo ipo tena imepakwa nta inang'aa kama kiatu, ila kila kimoja kimevuka bahari na nauli yake unailipa wewe. Hela ya mihogo michache na fungu la bamia ingekununulia viazi, karoti, kabichi, vitunguu, mayai na maziwa ukala siku kadhaa. Hivi vyote vinatoka palepale kwao, hata mwezi wa kwanza baridi ikiwa inakata masikio karoti na kabichi bei iko chini. Sasa wewe unapambana na nini?

Na nikisema kula kizungu simaanishi chipsi za kununua wala pizza ya kuletewa mlangoni, namaanisha kile chakula mama wa Yorkshire, mkoa uliopo Leeds, anawapikia wanae Jumanne usiku akiwa amechoka na kazi. Kile chakula kimetungwa na watu wasiokuwa na hela. Waingereza walikula kwa mgao kuanzia Januari 1940 mpaka Julai 1954, yaani vita imeisha 1945 lakini nyama bado mtu anaipata kwa kitabu cha mgao miaka tisa mbele. Waziri wao wa chakula enzi za vita alikuwa anaitwa Lord Woolton na kuna pai ilipewa jina lake, ndani hamna nyama hata chembe, ni viazi, karoti, koliflawa na oti, na aliyeibuni ni Francis Latry, mpishi wa hoteli ya Savoy kule London ambako matajiri ndo walikuwa wanakula. Mpishi wa matajiri anakaa chini kutafuta namna ya kumshibisha mtu kwa karoti! Mapishi yao mengi ya nyumbani yamebaki na akili hiyohiyo, nyama kidogo, viazi vingi, hakitupwi kitu, na ukishaielewa akili hiyo hata kitabu cha mapishi huhitaji.

Cha kuelewana nacho kwanza ni oveni. Kwetu oveni kama ipo basi inasubiri keki ya Idi au ndo kabati la masufuria, mapishi yote yako juu ya jiko na wewe umesimama unakoroga. Kule oveni ndo inayopika, wewe unapanga vitu kwenye trei, unasukuma ndani, unaenda kusoma, saa moja baadae unarudi kula. Kwa mtu mwenye esei ya kukabidhi kesho asubuhi hiyo ni neema jamani. Ila inakula umeme, na ukishatoka hosteli ambako mara nyingi bili zimo kwenye kodi ukaingia nyumba ya kuchangia kwenye mitaa ya Leeds kama Hyde Park au Headingley, bili inagawanywa na macho yanafunguka. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa oveni haiwashwi kwa ajili ya kiazi kimoja. Unapiga kelele kwenye ngazi, nawasha oveni nani ana kitu, basi huyu analeta kuku, huyu trei ya mboga, yule bakuli la tufaha, inajaa juu mpaka chini. Mapishi yao yakisema nyuzi 200 angalia kama oveni yako ina feni, ikiwa nayo shusha mpaka 180. Halafu mle ndani kwa juu kuna grill, moto unaoshuka kutoka juu, ule ni wa kuyeyushia jibini na kukausha mkate, unafanya kazi haraka kweli kwahiyo usiuache ukaenda kuoga. Na king'ora cha moshi nacho kina masikio mepesi mno, hosteli niliyokaa mwanzo kuna mtu alikaanga samaki usiku mlango wa jiko uko wazi na jengo zima tukashuka chini na kanga na ndala kwenye baridi kusubiri turuhusiwe kupanda.

Haya tuje kwenye viazi, hapa nitakaa kidogo. Kwetu kiazi ni kiazi tu, kule vina majina na jina ndo linakwambia utapika nini. Maris Piper na King Edward ni vya unga, vinavurugika, ndo vya kuponda na kuoka na kukaanga. Vile vidogo vya ngozi laini, Charlotte kwa mfano, havivurugiki, hivyo ni vya kuchemsha na kuchanganya na saladi, ukivilazimisha kuponda unapata gundi. Kiazi cha kuoka, wao wanaita jacket potato, ndo kilinilea msimu wa baridi wa kwanza. Chukua kikubwa cha unga, osha, choma choma na uma ili kisipasuke, paka mafuta na chumvi, oveni nyuzi 200 kwa saa moja au saa na robo mpaka ngozi ikauke itoe mlio ukiigonga. Ukiwa na haraka kipitishe kwenye maikrowevu dakika nane mpaka kumi ndo ukimalizie kwenye oveni robo saa, ngozi haiwi kavu sana lakini inatosha. Kikate msalaba, kifinye kifunguke, tia siagi, juu yake maharage ya kopo na jibini ya cheddar ya kukwaruza. Hapo umeshiba mpaka kesho na hela iliyotoka haifiki bei ya kahawa moja mjini.

Maharage yenyewe najua mengi mnayasema, yana sukari, ya kitoto, sijui nini. Sikatai, ukiyala yalivyo yanachosha. Ila kaanga kitunguu kwanza, tia binzari ya pilau kidogo na pilipili, mimina maharage, acha yachemke polepole mpaka mchuzi ukaze, uone kama kuna atakayelalamika. Cha kuchekesha ni kwamba Heinz wa Marekani alivyoyaleta London mara ya kwanza yaliuzwa Fortnum & Mason, duka la wenye nazo, yakiwa kitu cha fahari kutoka nje. Leo ndo chakula cha mtu aliyebakiwa na nauli tu. Na usinunue ya jina kubwa, nunua ya duka lenyewe, kwenye maharage, nyanya za kopo, oti, unga, pasta na njegere za friza ya duka inafanya kazi vizuri tu. Chai ndo mimi sikuweza, pale kila mtu na imani yake.

Sasa cottage pie, hiki kama utajifunza kimoja basi kiwe hiki. Ni nyama ya ng'ombe ya kusaga chini, viazi vya kuponda juu, inaingia oveni. Ikiwa nyama ya kondoo wanaiita shepherd's pie na wako tayari kugombana kwa hilo, kondoo ni ghali, achana nae. Kwa watu wanne wao wanaweka nusu kilo ya nyama, mimi nilikuwa naweka robo na ushee na nafasi iliyobaki najaza na dengu nyekundu zile ndogo zinazoiva haraka, konzi mbili za mkono. Kaanga kitunguu na karoti mbili ulizozikata ndogo ndogo, uwe mvumilivu hapo, dakika kumi nzima mpaka vilainike, halafu weka nyama iache ishike rangi kabla hujaikoroga koroga. Nyanya ya kopo ya kukoleza kijiko kimoja, dengu, maji na kidonge cha supu, funika moto mdogo nusu saa. Dengu zinayeyuka zinapotelea kwenye nyama, wenzangu wa nyumba walikula mara nyingi tu wakisifia nyama na mimi nimenyamaza kimya.

Kuna sosi moja wanaiweka humo inaitwa Worcestershire, chupa yenye karatasi ya rangi ya chungwa, Lea & Perrins wanaiuza tangu 1837. Ukionja utashangaa kuna kitu unakijua, ni ukwaju huo, na dagaa wao wanaoitwa anchovy humo humo. Yaani chakula cha bibi wa Kiingereza kina ukwaju kama mchuzi wa pwani na mwenyewe hajui. Matone manne matano yanatosha na chupa inakaa muda mrefu sana.

Viazi vya juu unavianzisha kwenye maji ya baridi yenye chumvi, sio ya moto, ili viive sawa ndani na nje, kilo moja hivi. Vikiiva mwaga maji, virudishe kwenye sufuria ya moto vikauke mvuke dakika mbili, hatua hii watu wanairuka na ndo inayotofautisha viazi vya kuponda na uji wa viazi. Ponda, siagi, maziwa ya moto kidogo, chumvi. Tandaza juu ya nyama, chora mistari na uma ili ile mistari ikauke iwe ya kahawia, oveni 200 dakika 25 mpaka 30. Gawa vipande, vinavyobaki weka kwenye makopo, friza. Mwezi wa kumi na mbili Leeds jua linazama saa kumi kasorobo, unatoka darasani giza totoro na mvua ya pembeni pembeni, unajua nyumbani kuna kipande cha pai kinakusubiri kwenye friza, wallahi hata miguu inakuwa myepesi.

Niliyofundishwa mengi alinifundisha jirani, bibi wa miaka themanini na kitu, amezaliwa na kukulia Leeds, mgao wa chakula anaukumbuka akiwa mtoto. Alitaka nimwite kwa jina lake tupu kama wenzangu walivyokuwa wanamwita, mdomo wangu ulikataa, nikamwita Bibi na akawa anaitika. Siku moja alituona tunarudi na mifuko ya mapaja ya kuku akacheka, akasema ninyi wanafunzi wa siku hizi mnakula nyama kila siku kama wenye kiwanda. Akanieleza kwao Yorkshire pudding ilikuwa inaliwa kwanza, kabla ya nyama, peke yake na mchuzi mzito wa grevi, na wazee walikuwa wanawaambia watoto anayekula pudding nyingi ndo atakayepewa nyama nyingi. Mtoto anafakamia pudding, ikija nyama tumbo halina nafasi. Ujanja wa mzazi huo, nyama inabaki, kesho inaliwa tena.

Hiyo pudding usidhani ni kitu kitamu cha baada ya chakula, ni mchanganyiko kama wa chapati za maji unaookwa ukaumuka ukawa bakuli lenye shimo katikati la kushikia mchuzi. Kipimo cha Bibi hakikuwa na mizani: pasua mayai manne kwenye kikombe angalia yamefika wapi, unga wa ngano ufike hapohapo, maziwa yafike hapohapo. Unga uwe wa kawaida, usichukue ule uliokwisha changanywa na baking powder, kwenye rafu inakaa pamoja kwahiyo soma paketi. Chumvi, piga mpaka mabonge yaishe, acha upumzike nusu saa. Siri iko kwenye mafuta, lazima yawe ya moto mpaka yanaanza kutoa moshi ndani ya oveni, nyuzi 220, unafungua, unamimina haraka, unafunga, na kuanzia hapo oveni haifunguliwi mpaka dakika 25 zipite, ukichungulia inanywea. Dirisha la oveni lipo la nini?

Ukitaka iwe mlo kamili unaweka soseji, hiyo ndo toad in the hole. Soseji za supamaketi nyingi ni nguruwe, sisi tusiokula tulikuwa tunanunua za ng'ombe au kuku kwenye mabucha ya halali Harehills, na supamaketi kubwa baadhi zina sehemu ya halali kwenye friza. Anza na soseji peke yake kwenye trei na mafuta robo saa mpaka zishike rangi, ndo unamwagia ule mchanganyiko juu yake. Soseji sita zinashibisha watu wanne, ambapo ukizikaanga za kula na mkate watu wawili wanazimaliza wamesimama. Grevi yake vitunguu vitatu vikatwe vyembamba, vikaangwe kwa moto mdogo mpaka viwe vya kahawia na vitamu, kijiko cha unga, koroga, maji ya kidonge cha supu kidogo kidogo. Mimi naongeza pilipili manga ya kutosha, Bibi alikuwa anakohoa lakini anamaliza sahani.

Jumapili ni siku ya kuku. Bei ya kuku mzima ukilinganisha na vipande vilivyokatwa kwenye pakiti, kwa kilo mzima yuko chini sana, na mifupa yake ni supu. Kuku wa kilo moja na nusu anakaa oveni saa moja na nusu hivi, wao wanahesabu dakika 45 kwa kila kilo wanaongeza 20, paja likichomwa maji yatoke meupe hayana damu. Pembeni yake viazi ulivyovichemsha kidogo ukavitikisa kwenye sufuria mpaka kingo zikachakaa, vinaingia kwenye mafuta ya moto, vinatoka na gamba. Kabichi, karoti, njegere, basi.

Kuhusu kuosha kuku najua nitatukanwa. Sisi kuku anaoshwa, ndimu, chumvi, maji mengi, na asiyeosha ni mchafu. Kule mwenzangu wa nyumba alikaribia kulia alivyoniona nafungulia bomba juu ya kuku, na wakala wao wa chakula, Food Standards Agency, wanasema wazi kuku mbichi asioshwe maana maji yanarusha bakteria wa campylobacter kwenye sinki na vyombo na sponji, na moto wa oveni unawaua hata hivyo. Ukiwa unashea sinki na watu watano sio ya kubishania. Tulimaliza hivi: kuku wangu nampaka ndimu na chumvi kwenye bakuli lake, namfuta na tishu ya jikoni, tishu inaenda kwenye pipa, bomba halihusiki. Ndimu imo, roho imetulia, na nyumba haijaugua.

Jumatatu viazi na kabichi vilivyobaki vinapondwa pamoja vinakaangwa kwenye kikaangio mpaka chini pagande pawe pa kahawia, unageuza, juu yai. Hiyo inaitwa bubble and squeak na mimi naipenda kuliko chakula cha Jumapili chenyewe. Mifupa inachemshwa na karoti, kitunguu, na shayiri nzima iliyokobolewa, mfuko wake bei rahisi na inavimba sana, supu inakuwa nzito unaikata na kijiko. Hivyo kuku mmoja kawafikisha Jumanne.

Kununua nako kuna utaratibu wake. Supamaketi zikikaribia kufunga wanabandika stika za njano kwenye vitu ambavyo tarehe yake inaisha, nyama, mkate, mboga, bei inashuka mara ya kwanza kidogo halafu inashuka kweli. Kila duka lina saa yake, muulize tu mfanyakazi anayeshika ile mashine ya stika, wengi ni wanafunzi wenzako. Jumapili mambo yanawahi, maana sheria yao ya 1994 inayaruhusu maduka makubwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, kwahiyo mengi yanafunga saa kumi jioni na stika zinatoka kuanzia mchana. Kuna tarehe za aina mbili na ni muhimu uzitofautishe: use by ni ya usalama, ikipita usile hata kama inanukia vizuri, best before ni ya ubora tu, biskuti na pasta na kopo lililopita hapo unakula na maisha yanaendelea. Ukipata nyama ya stika ipike au igandishe siku hiyohiyo. Mkate unagandishwa, unatoa slesi unaingiza kwenye tosta ikiwa barafu hivyohivyo. Hata maziwa yanagandishwa, nunua lile dumu la painti nne ambalo ni lita mbili na robo, litikise vizuri likishayeyuka.

Mjini kati kuna soko la Kirkgate, soko la ndani kubwa sana, kuna safu ya mabucha na ya samaki na nje wanauza mboga na matunda. Ndo pale Michael Marks alipoanza 1884 na meza ya kuuza kila kitu kwa peni moja, ambayo ilikuja kuwa Marks & Spencer. Mimi nilikuwa naenda jioni wakikaribia kufungasha, ndizi zilizoiva sana, nyanya laini za kupikia, pilipili hoho zilizokunja, unaondoka na mfuko mzito. Viungo navyo usinunue vile vya chupa ndogo za kioo, nenda Harehills au kile kishoroba cha supamaketi chenye vyakula vya Waasia, binzari hiyohiyo inakuja kwenye mfuko mkubwa na kwa gramu bei iko chini mno.

Wali unapika, hakuna atakayekuzuia, tena mchele kwenye mifuko mikubwa ya maduka ya Waasia ni nafuu. Ila ile tabia yetu ya kuacha wali kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi upashwe uliwe na chai, iache, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus mbegu zake hazifi kwa kuchemka na wali ukikaa na uvuguvugu anatengeneza sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Upoe ndani ya saa moja, uingie friji, uliwe kesho, ubaki hapo.

Vingine vya haraka haraka: supu ya liki na viazi, liki ni kama kitunguu kirefu cha kijani, ipasue katikati uoshe kila jani maana mchanga unajificha humo, kaanga kwa siagi, viazi, maji ya kidonge, saga. Jibini iliyoyeyushwa na maziwa kidogo na haradali, ipake kwenye mkate uliokauka, chini ya grill, wao wanaitia na bia lakini maziwa yanafanya kazi. Dagaa wakubwa wa kopo kwenye tosti na ndimu. Maini na vitunguu na viazi vya kuponda, hili hata sina haja ya kukuelekeza, bei ni ya chini kuliko nyama nyingi na vijana wa kizungu hawayataki. Asubuhi oti, na maziwa, chumvi kidogo, iliki ukiwa nayo. Mayai yenye muhuri wa simba mwekundu unaweza kuyala kiini kikiwa bado maji, wameruhusu rasmi tangu 2017 hata kwa wajawazito.

Na kitu kitamu ni kimoja tu cha kujua, crumble. Unga gramu 200, siagi baridi 100, sugua kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chembe za mkate, sukari 100, konzi ya oti ukitaka. Chini weka tufaha za kupikia zinazoitwa Bramley, chachu kweli, na sukari na mdalasini na karafuu moja uliyoitwanga, mwaga chembe juu bila kukandamiza, nyuzi 180 dakika 40. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ukiwa Leeds unapata rhubarb, mashina ya rangi ya waridi, yanalimwa jirani tu kati ya Wakefield, Morley na Rothwell ndani ya mabanda yenye giza na wanayavuna kwa mwanga wa mshumaa ili yasikauke utamu wake, ukinunua yenye majani kata majani tupa, yana sumu. Crumble inaliwa na kastadi ya unga, ile ile ya kopo tuliyokulia nayo, aliibuni Alfred Bird wa Birmingham 1837 kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru.

Mdogo wangu anaenda mwaka huu na ameshaanza kuniuliza abebe kilo ngapi za sembe. Nimemwambia begi ajaze sweta, na kwenye kona aweke binzari ya pilau ya mama, iliki, karafuu, pilipili manga, na mdalasini wa vijiti, vyote visagwe hukuhuku. Samli asithubutu, nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, watamnyang'anya uwanjani. Masufuria na trei atanunua kwenye maduka ya hisani ya vitu vya mitumba, yamejaa kule, mwezi wa sita wanafunzi wakihama ndo vinapatikana vizuri ila yeye anafika Septemba kwahiyo awahi wiki ya kwanza. Ugali ataula Eid, wakichanga hela na wenzake wakaenda wote Harehills.